Kamera Ikizimwa: Ungamo la Hadharani katika Kipindi cha Oprah Winfrey na katika Vipindi Vyetu

1. Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 1986 kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey kilianza kurushwa katika Marekani nzima kutoka mji wa Chicago. Kilikoma tarehe 25 Mei 2011, baada ya misimu 25 na matoleo 4,561. Katika muda huo kilinunuliwa na vituo vya nchi zaidi ya mia moja, na mtindo wake ukaigwa hata mahali ambapo chenyewe hakikuonekana. Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusiana vipi na chuo cha theolojia. Jibu ni kwamba kipindi hicho kiliwafundisha watu wengi namna mpya ya kuungama. Mambo ambayo zamani yalisemwa kwa mchungaji, kwa shangazi au kwa mganga, sasa yanasemwa mbele ya kipaza sauti, na wasikilizaji ni watu wasiomjua msemaji wala kujulikana naye.

Mtindo huo umeshafika Kinondoni na Temeke. Mwanamke wa Tandika aliyetelekezwa na mumewe, kijana wa Mwananyamala aliyezama katika dawa za kulevya, binti wa Mbagala aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba: wote hawa leo wana mahali pa kwenda kueleza habari zao, na mahali penyewe mara nyingi si ofisi ya usharika. Sisi tunaowaandaa wachungaji hatuna budi kuuliza kwa nini.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kipindi hicho na kisha kuipima. Kipimo nitakachotumia si kile kinachotumiwa sana na wahubiri wetu, yaani kwamba mambo ya ndani hayafai kusemwa nje. Kipimo hicho ni chepesi mno, na kimewafichia waovu makosa mengi. Nitatumia swali jingine: je, yule anayelipokea ungamo hubaki na aliyeungama baada ya kamera kuzimwa?

2. Chimbuko la kipindi

Oprah Winfrey hakuanza bila mtangulizi. Tarehe 6 Novemba 1967, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, mtangazaji Phil Donahue alianzisha kipindi ambacho watu waliohudhuria studioni hawakuketi kupiga makofi tu. Walipewa nafasi ya kumhoji mgeni, naye Donahue akazunguka katikati yao na kipaza sauti mkononi. Kipindi chake kilidumu hadi mwaka 1996. Kwa asili kilikuwa kipindi cha mjadala: mgeni alikuja na hoja yake, na watu wakamjibu kwa maswali yao.

Oprah Winfrey, aliyezaliwa mwaka 1954 huko Kosciusko katika jimbo la Mississippi, alifika Chicago na kushika kipindi cha asubuhi kilichoitwa AM Chicago tarehe 2 Januari 1984. Kipindi hicho kilikuwa nyuma sana ya kile cha Donahue, ambacho nacho kilitolewa mjini humo. Baada ya mwezi mmoja hivi kilikuwa kimempita. Wengi hueleza ushindi huo kwa kutaja uchangamfu wake. Nadhani sababu ni ya ndani zaidi. Donahue alimhoji mgeni kama mtu mwenye akili anavyomhoji mwingine. Oprah alizungumza na mgeni kama mtu aliyepita njia ile ile.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1986, alipotoa kipindi juu ya watoto wanaonajisiwa. Mbele ya watazamaji alisema kwamba yeye mwenyewe alibakwa na ndugu wa ukoo alipokuwa mtoto wa miaka tisa. Tangu siku hiyo kipindi kilikuwa na sura mpya. Mwenyeji alikuwa ametangulia kuketi katika kiti cha mwenye kuungama, na aliyekuja baada yake hakuona tena aibu kukikalia. Hata mwili wake aliufanya kuwa ushuhuda. Mwezi Novemba 1988 aliingia jukwaani akikokota kigari chenye mafuta ya wanyama ya uzito wa kilo 30 hivi, kuonyesha uzito alioupunguza. Uzito huo ulirudi baadaye, na hilo nalo alilisema hadharani.

Basi tofauti ya Donahue na Oprah ni tofauti ya mjadala na ushuhuda. Mkristo wa Afrika Mashariki hawezi kuuona ushuhuda kuwa kitu kigeni kilicholetwa na Marekani. Nitarudi kwenye jambo hilo.

3. Matunda yake

Mchambuzi mwenye haki yampasa aanze na mema. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tena wakasema, mficha uchi hazai. Mithali hizi mbili zinatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba utamaduni wetu unaamuru kimya siku zote. Mwanamke asiyekubali kuonekana na mkunga hawezi kujifungua salama, na jamii isiyokubali kuonyesha kidonda chake haiwezi kukitibu.

Kipindi cha Oprah Winfrey kilionyesha kidonda. Mwaka 1991 mwenyeji wake alikwenda mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kutoa ushahidi juu ya ulinzi wa watoto. Mwezi Desemba 1993 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyoanzisha kumbukumbu ya taifa ya watu waliopatikana na hatia ya kuwadhulumu watoto, ili wasiajiriwe kuwalea wengine. Watu wengi waliiita sheria hiyo kwa jina la Oprah. Katika msimu wa mwisho, Novemba 2010, wanaume 200 walisimama studioni, kila mmoja ameshika picha yake ya utotoni ya umri aliokuwa nao aliponajisiwa. Katika ulimwengu ambao mwanamume hatakiwi kulia, wala kusema kwamba aliwahi kuwa mnyonge, tendo hilo halikuwa dogo.

Hapa kwetu pia kuna mifano ya maneno ya hadharani yaliyozaa sheria. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliandika na kutangaza habari za ubakaji na kupigwa kwa wanawake wakati ambapo magazeti mengi yaliziona kuwa mambo ya nyumbani. Juhudi za chama hicho na za wenzake zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada yetu. Rebeca Gyumi, mwanasheria, alifanya kazi kwa miaka kadhaa kama mtangazaji wa televisheni wa shirika la Femina Hip, ambalo kipindi chake cha mazungumzo kiliwapa vijana nafasi ya kusema juu ya mapenzi, mimba, masomo na Ukimwi. Mwaka 2016 alifungua kesi Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya kufika miaka 18. Mwezi Julai mwaka huo Mahakama ilimpa ushindi, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo.

Tazama mwenendo wa mifano hii. Aliyesikia hakuishia kusikia. Sauti iliyosikika studioni au gazetini ilifuatwa na mtu hadi bungeni na mahakamani. Mfuatano huo ndio ulioifanya iwe zaidi ya maneno.

4. Pale mfuatano unapokatika

Hata hivyo kipindi cha televisheni hulipwa na matangazo ya biashara, na matangazo hufuata idadi ya watazamaji. Ungamo lililogusa watu wiki hii halitawagusa wiki ijayo, hivyo lazima lipatikane jingine lenye uchungu zaidi. Mwaka 1991 kilianza kipindi cha Jerry Springer, ambacho baada ya miaka michache kilijulikana kwa wageni kufichuliana zinaa na kurushiana viti huku watazamaji wakishangilia. Kilidumu hadi 2018. Katikati ya miaka ya 1990 Oprah Winfrey alitangaza kwamba hataki kushindana katika uwanja huo, na mwaka 1996 akaanzisha klabu ya vitabu iliyowafanya mamilioni wasome riwaya. Kwa uamuzi huo anastahili sifa. Lakini mlango ambao wengine walipita ni ule ule alioufungua yeye.

Mahali mlango huo ulikoelekea palionekana mwezi Machi 1995. Katika kipindi cha mtangazaji mwingine, Jenny Jones, kijana mmoja aliletwa studioni akiambiwa kwamba atakutana na mtu anayempenda kwa siri. Mtu huyo alikuwa mwanamume mwenzake, jirani aliyemfahamu. Watazamaji walicheka. Siku tatu baadaye, huko Michigan, yule kijana alimwendea mwenzake nyumbani akamwua kwa bunduki. Mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama liliamuru watengenezaji wa kipindi wawalipe ndugu wa marehemu dola milioni 25. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Michigan ilitengua uamuzi huo. Hoja yake moja yafaa kutafakariwa: wajibu wa wenye kipindi kwa wageni wao ulikwisha pale wageni walipoondoka studioni kwa amani.

Sina nia ya kubishana na majaji juu ya sheria ya nchi yao. Bali nasema kwamba wameeleza kwa usahihi asili ya uhusiano wenyewe. Mgeni hualikwa, hupakwa poda, huulizwa, hulia, hushukuriwa, kisha mlango hufungwa nyuma yake. Yaliyobaki ni yake.

Kipindi cha Oprah hakikuwa na ukatili wa namna hiyo, lakini nacho hakikuepuka udhaifu huo. Mwezi Septemba 2004 watu wote 276 waliohudhuria studioni walipewa magari mapya. Furaha ile imerudiwa kuonyeshwa mara nyingi. Kilichoonyeshwa mara chache ni kwamba zawadi hiyo ilihesabiwa kuwa pato, na wapokeaji walidaiwa kodi iliyoweza kufika dola 7,000. Aliyeshindwa kulipa ilimpasa aliuze gari. Tena, mwezi Januari 2006 aliitwa studioni mwandishi James Frey, ambaye kitabu chake kilipendekezwa na klabu ya vitabu kama habari za kweli za maisha yake, kumbe mengi aliyatunga. Aliulizwa swali baada ya swali hadi akakiri uongo wake mbele ya umati uliokuwa umekasirika. Lilikuwa ungamo kamili kwa upande mmoja: dhambi ilitajwa na mwenye dhambi aliitikia. Upande wa pili haukuwapo. Mwezi Mei 2011, kipindi kikielekea kufungwa, Oprah alimwita tena Frey akamwomba radhi kwa kukosa huruma siku ile. Ilichukua miaka mitano. Tukio hilo la pili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote katika historia ya kipindi hicho, kwa maana aliyekuwa hakimu alitambua kwamba kufichua ukweli hakumalizi kazi.

5. Studio na uani

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo kutoka Mikocheni, Dar es Salaam, nyumba zenye seti katika mitaa ya Temeke zilihesabika. Watu walitazama sebuleni kwa jirani au katika vibanda vya video. Leo hali ni nyingine. Tangu analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, king'amuzi kimeingia hata katika chumba kimoja cha kupanga, na simu ya mkononi imekuwa televisheni ya kila mtu.

Vipindi vya mazungumzo vya hapa nyumbani navyo vimepata umbo lao wenyewe, wala si nakala ya Chicago. Salama Jabir, katika kipindi cha Mkasi cha EATV, aliwahoji wasanii na watu mashuhuri katika mandhari ya saluni, mahali ambapo Mswahili amezoea kupiga soga huku akinyolewa. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa mgeni mashuhuri anayeulizwa juu ya maisha yake ana uzoefu wa kujibu na ana uwezo wa kukataa. Kwa upande wa redio, vipindi vya mchana na asubuhi, Leo Tena cha Clouds FM kikiwa miongoni mwa vilivyovuma, vimewapa nafasi watu wasio mashuhuri na visa vya mitaani. Hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo.

Mgeni wa studio ya Chicago, hata akifedheheka, hurudi katika mji mwingine na nyumba yenye ua wake. Mgeni wetu hurudi wapi? Tuchukue mfano wa mama anayeishi Mbagala katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu. Bomba ni moja, choo ni kimoja, na jiko ni la uani. Akisema redioni kwamba mumewe ana nyumba ndogo, au kwamba binti yake ameharibiwa na baba wa kambo, wapangaji wote wamesikia kabla hajashuka kwenye daladala. Mwenye nyumba amesikia. Mwalimu wa binti amesikia. Shemeji walioko mkoani wametumiwa sauti hiyo kwa simu. Hakusema habari zake peke yake: amesema za watoto ambao hawakuulizwa, na jina lao litatamkwa kisimani na shuleni miaka mingi baada ya mtangazaji kusahau.

Tofauti na zamani, neno hilo halipotei hewani. Kanga yenye jina la kumsema jirani huchakaa, na mipasho ya taarabu hupitwa na mipasho mingine. Lakini kipande cha picha kilichowekwa kwenye YouTube hakichakai. Binti aliyelia akiwa na miaka 15 atakikuta kilio chake siku ya posa yake.

Kiswahili kina neno stara, na kitenzi chake ni kusitiri. Si sawa na kuficha. Anayeficha hulinda kosa. Anayesitiri humlinda mtu. Tunamsitiri maiti kwa sanda na mgonjwa kwa shuka, na hakuna anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo tunakana kifo au ugonjwa. Wana wawili wa Nuhu walipomfunika baba yao huku wakirudi kinyumenyume hawakusema kwamba hakulewa (Mwa. 9:20-27). Kosa la Hamu lilikuwa kuona, kisha kutoka nje kueleza, bila kuchukua nguo. Hiyo ni sura ya mtangazaji asiye na wajibu, na tuwe wakweli, ni sura ya waumini wengi pia.

6. Ungamo katika mapokeo yetu

Nimesema kwamba ushuhuda wa hadharani si mgeni kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika hadi Bukoba, ulijengwa juu ya kuungama mbele za watu. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo. Watu walisimama wakataja wizi, uzinzi na chuki zao kwa majina. Kulikuwa na hatari ndani yake, na viongozi wenyewe waliiona: wengine walizidisha maelezo, wengine walitaja dhambi za wenzao chini ya kivuli cha kutaja zao.

Lakini tuangalie kilichofuata. Aliyeiba ng'ombe alimrudisha, na aliyetukana alikwenda kuomba radhi. Waliosikia ungamo lake walikuwa watu wa kikundi chake, waliokutana naye kila wiki, waliomlimia shamba akiugua na kumwuliza kwa upole kama ameanguka tena. Kikundi kilikuwa ukoo mpya. Hivyo uamsho ulitoa jibu kwa swali letu: kamera haikuwapo, na waliosikia walibaki.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yanaongeza jambo la pili. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 hufundisha kwamba ungamo lina sehemu mbili: kwanza mtu hukiri dhambi zake, kisha hupokea maondoleo kama yametoka kwa Mungu mwenyewe. Nalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, huagiza kwamba maondoleo ya faragha yadumishwe kanisani, na hapo hapo hukataa kumlazimisha mtu ataje kila kosa. Mkazo uko kwenye maondoleo. Kinyume chake, kipindi cha mazungumzo hutaka maelezo yote na hakina maondoleo ya kutoa. Makofi ya watazamaji si msamaha, kwa kuwa kesho watampigia mwingine.

Habari ya mwanamke aliyefumaniwa yafaa kusomwa kwa macho haya (Yn. 8:1-11). Waandishi na Mafarisayo walimweka katikati. Wapo watazamaji, wapo washitaki, lipo swali lililotegwa, na yule mwanamume hayupo. Yesu hakumwambia mwanamke neno lolote umati ulipokuwa bado umesimama. Aliinama akaandika chini, akawajibu wao, akangoja hadi wakatoka mmoja mmoja, tangu wazee. Walipobaki wawili tu ndipo akamsemesha, na neno lake lilikuwa la kumwachilia na la kumwelekeza maisha mapya. Kwanza aliitawanya hadhira.

Je, sisi tumefanya hivyo? Katika sharika nyingi binti aliyepata mimba hutengwa na meza ya Bwana, kisha hurudishwa kundini kwa kusimamishwa mbele ya kusanyiko zima. Mwanamume aliyempa mimba mara nyingi hatajwi. Huenda anaimba kwaya Jumapili hiyo hiyo. Hiyo ni studio bila kamera. Aidha, mambo aliyomwambia mzee wa kanisa Jumanne husikika katika jumuiya Jumamosi. Mtu aliyeyaona hayo akiamua kwenda redioni hakuliacha kimbilio kwa ajili ya mwanga wa taa. Amelinganisha umati wa watu wanaomjua na umati wa watu wasiomjua, akachagua wa pili. Kabla hatujamlaumu mtangazaji yatupasa tujiulize kwa nini yeye, mgeni kabisa, alionekana kuwa salama kuliko sisi.

7. Hitimisho

Historia ya miaka 25 ya kipindi cha Oprah Winfrey inaonyesha kwamba neno la hadharani laweza kuwafungua waliofungwa na kubadilisha sheria ya nchi. Inaonyesha pia kwamba neno hilo hilo, likipokelewa na mtu asiye na wajibu kwa msemaji, humwacha uchi kuliko alivyokuja. Hukumu yetu basi isiwe juu ya kusema au kutosema, bali juu ya anayepokea.

Kwa watengenezaji wa vipindi vyetu, wengi wao wakiwa vijana wa Kikristo na Kiislamu waliolelewa katika mitaa hii hii, napendekeza maswali matatu. Kwanza, je, watu watakaotajwa, hasa watoto, wamelindwa jina, sauti na sura? Pili, je, mgeni ameelezwa kwamba atakayoyasema yatabaki mtandaoni, na anaweza kuyafuta akibadili nia? Tatu, nani atamtembelea baada ya siku tatu? Nimetaja siku tatu kwa sababu ndizo zilizopita kati ya kicheko cha studio na kifo huko Michigan. Si lazima mtangazaji aende mwenyewe. Mshauri, afisa ustawi wa jamii, mwanasheria au dawati la jinsia la polisi wanaweza kwenda. Lakini lazima awepo mtu, na ajulikane kabla kipaza sauti hakijafunguliwa.

Kwa wachungaji na wanafunzi wetu maswali ni hayo hayo, na la nne linaongezeka. Ni siku gani ya juma, na saa ngapi, ambapo muumini wa Yombo au Tandale anaweza kumkuta mchungaji wake peke yake, mlango umerudishwa, na akawa na hakika kwamba neno lake halitavuka kizingiti? Sharika nyingi zina ratiba ya kwaya, ya vikao vya ujenzi na ya mnada wa mavuno iliyobandikwa ukutani. Ratiba ya ungamo haipo. Mahali pa kuanzia ni hapo: saa mbili kila wiki, zilizotangazwa na kuheshimiwa, pamoja na mzee wa kanisa aliyefundishwa kunyamaza. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili, na inaweza kuanza Jumapili ijayo.